Mgeni Njoo: Kisa cha Ish Smith na Timu Zake 13

Februari 24, 2011, saa tano usiku kwa saa za Dar es Salaam, dirisha la kubadilishana wachezaji katika NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, lilifungwa, na sisi tuliokuwa macho tulikuwa tunatafuta jina moja tu: Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, futi 7 na inchi 3, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Memphis Grizzlies walikuwa wamechoka kumsubiri. Walimpeleka Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, yaani zamu ya kuchagua katika drafti, wakamchukua Shane Battier, mkongwe wa kukaba. Mkiani mwa habari, kama ile nyanya moja ambayo muuzaji anakuwekea juu ya fungu ulilokwisha kulipia, palikuwa na jina la pili lililotoka Houston: Ish Smith.

Usiku ule jina hilo nililipita tu. Lakini nyongeza hiyo iliendelea kucheza NBA hadi msimu wa 2023–24. Ikavaa jezi za timu 13 tofauti, ikavunja rekodi ya ligi, ikapata pete ya ubingwa. Thabeet wetu, ambaye tulimkesha, alicheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 2014. Simlinganishi ili nimcheke. Wanaume wawili waliopishana katika dili moja, mmoja akiwa chaguo la pili na mwingine akiwa hakuchaguliwa kabisa, walinifanya nirudi nyuma kutazama maisha ya yule wa pili hatua kwa hatua. Nilitaka kujua jambo moja. Mtu anayetemwa na kubadilishwa mara zote hizo anadumuje kazini miaka 14?

Jibu linalotolewa kila siku ni kwamba ana mbio na ana roho nzuri. Yote mawili ni kweli na hayatoshi. Wachezeshaji, yaani wanaokokota mpira na kuwagawia wenzao, wenye mbio wamejaa Marekani, na wenye roho nzuri vilevile. Nilipopanga timu zake kwa mwaka na kuweka pembeni majina ya makocha, wakuu na wasaidizi, nikaona kitu ambacho kwenye takwimu za mechi hakionekani.

Nianze alikotoka. Ishmael Smith alizaliwa Julai 5, 1988, Charlotte, North Carolina, na akasoma sekondari mji wa jirani wa Concord. Curry amezaliwa mwaka uleule na kukulia Charlotte hiyohiyo. Smith alikwenda Chuo Kikuu cha Wake Forest mwaka 2006, chuo chenye historia nzito ya wachezeshaji, kwani ndiko alikotoka Muggsy Bogues, yule wa futi 5 na inchi 3, na Chris Paul baada yake. Kocha aliyemsajili, Skip Prosser, alifariki ghafla kwa moyo Julai 2007, Smith akiwa amemaliza mwaka wa kwanza tu. Akabaki. Alimaliza miaka yake minne akiwa wa pili kwa asisti, pasi zinazozaa kikapu, katika historia ya chuo, nyuma ya Bogues.

Kuna mtupo mmoja wa Machi 2010 unaostahili kukumbukwa. Mashindano ya vyuo, raundi ya kwanza, Wake Forest dhidi ya Texas, muda wa nyongeza, wako nyuma kwa pointi moja. Smith akakokota mpira, akasimama, akarusha. Ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 1.3, wakashinda 81–80. Mechi iliyofuata Kentucky ya John Wall iliwafunga 90–60. Miezi mitatu baadaye Wall alichaguliwa wa kwanza katika drafti, na majina 60 yakasomwa bila la Smith.

Sababu ya kutosomwa ilikuwa wazi, na ni lazima niiseme mapema kwa sababu ndiyo iliyomzungusha maisha yake yote: hakuwa mrushaji. Futi 6 kamili, mwepesi, mbio za kutisha, anaingia kikapuni apendavyo, lakini ukimwacha nje ya mstari wa pointi tatu hakuadhibu. Katika maisha yake yote ya NBA, mitupo yake ya mbali ilikuwa inaingia kama theluthi tu, na alikuwa anairusha kwa nadra. Kwa mchezeshaji hilo ni tatizo la hesabu. Mwenzake akimwekea skrini, yaani akisimama kumzibia mkabaji njia, mkabaji huyo anapita chini ya skrini badala ya kumfuata juu, anamsubiri ndani, na njia inaziba. Yeye aliingia ligi mwaka 2010. Miaka iliyofuata ndiyo NBA yote iligeukia mtupo wa mbali, na aliyeigeuza ni yule jirani yake wa Charlotte. Kwa hiyo Smith alikuwa anafanya kazi yake huku soko likiondoka upande wake kila mwaka.

Houston walimpa nafasi bila drafti. Mchezeshaji wao Aaron Brooks aliumia kifundo cha mguu mwanzoni mwa msimu, Smith akaingia uwanjani. Ukisoma kisa hiki chote, zoea sentensi hiyo, kwa sababu itajirudia: fulani aliumia, Smith akaingia.

Hapa inabidi nieleze namna nyongeza inavyofanya kazi, maana wengi tumezoea usajili wa soka ambapo mchezaji hukubali kwanza. NBA mchezaji wa kawaida haulizwi. Anapigiwa simu, anaambiwa kesho uko Milwaukee. Timu haziruhusiwi kuzidisha wachezaji 15 wenye mikataba ya kawaida msimu ukianza, na mishahara inayobadilishwa inatakiwa ikaribiane pande mbili kwa timu zilizovuka kikomo cha mishahara. Ukimtoa mmoja na kupokea wawili wakati nafasi zako zimejaa, lazima umteme mtu. Ndiyo maana dili nyingi zinasawazishwa kwa vichwa. Itazame ile ya 2011: Memphis wametoa wawili, wamepokea wawili. Februari 2013, Orlando Magic walimpeleka Milwaukee Bucks pamoja na J.J. Redick na Gustavo Ayón, wakapokea Tobias Harris, Beno Udrih na Doron Lamb: watatu kwa watatu. Agosti 2013, Milwaukee wakampeleka Phoenix Suns pamoja na Viacheslav Kravtsov, wakamchukua Caron Butler. Katika kila dili jina lililokuwa linatafutwa lilikuwa la mtu mwingine. Smith alikuwa mshahara mdogo unaosafirishika, na nafasi moja ya kujaza.

Upande wa pili wa mkataba mdogo ni kutokuwa na dhamana. Timu inaweza kukutema na kukulipa siku ulizofanya kazi tu, mpaka ifike Januari 10, siku ambayo mikataba ya namna hiyo inageuka kuwa ya kulipwa yote hadi mwisho wa msimu. Kila mwaka siku chache kabla ya tarehe hiyo watu wanatemwa. Mtu anayeishi hivyo hapangi nyumba ya mwaka mzima, wala hamwambii mkewe aanze kutafuta shule.

Memphis alikaa benchi wakati Grizzlies, walioingia mtoano nafasi ya nane, wakiwatoa San Antonio Spurs walioongoza kanda ya Magharibi. Battier yule waliyempata kwa Thabeet ndiye aliyefunga mtupo wa ushindi mechi ya kwanza. Smith alikuwa shahidi. Baada ya mgomo wa wamiliki kuisha, Desemba 2011, alihamia Golden State Warriors, ambako Curry alikuwa anasumbuliwa na kifundo cha mguu. Alicheza mechi chache, akatemwa. Mwanzoni mwa 2012 akadakwa na Orlando.

Orlando ndipo ninapotaka kukaa kidogo, ingawa mwandishi yeyote wa wasifu wake angepita kwa mstari mmoja. Takwimu zake pale hazina cha kusimulia. Klabu yote ilikuwa imechanganyikiwa na suala la Dwight Howard, aliyetaka kuondoka halafu asitake. Mchezeshaji mkuu alikuwa Jameer Nelson. Smith alisugua benchi. Lakini tazama nani walikuwa wamesimama pembeni ya uwanja wa mazoezi. Kocha mkuu alikuwa Stan Van Gundy. Mmoja wa wasaidizi wake alikuwa Steve Clifford. Wote wawili waliondoka majira ya joto ya 2012. Msimu uliofuata, Smith akiwa bado yupo, aliingia msaidizi mpya anaitwa James Borrego.

Weka majina hayo matatu mfukoni. Na kule Golden State, katika zile wiki chache za Desemba 2011, msaidizi namba moja wa kocha Mark Jackson alikuwa Michael Malone. Nalo liweke.

Kwa mchezaji wa benchi, mazoezi ndiyo mechi yake. Makocha wasaidizi ndio wanaobaki na wachezaji wa akiba baada ya vinara kwenda kuoga, ndio wanaowafundisha miondoko ya timu pinzani ili waigize kesho asubuhi. Msaidizi anajua nani anakariri michezo 40 ya mpinzani kwa usiku mmoja na nani anakuja amechelewa. Na katika ligi hii msaidizi wa leo ni kocha mkuu wa kesho kutwa. Mwenye klabu haoni hayo, na mtazamaji hana habari nayo kabisa.

Phoenix alipata msimu mzima wa 2013–14 katika timu iliyoshinda mechi 48 na bado ikakosa mtoano, jambo linaloeleza ugumu wa kanda ya Magharibi wakati ule. Kisha 2014 Houston wakamrudisha na kumtema msimu ulipoanza, wakati huohuo Oklahoma City Thunder wakiwa kwenye msiba: Kevin Durant amevunjika mfupa wa mguu, Russell Westbrook amevunjika mkono. Fulani aliumia, Smith akaingia. Kocha wa Oklahoma City alikuwa Scott Brooks. Nalo mfukoni. Thabeet, kwa taarifa yako, alikuwa ameondoka Oklahoma City majira ya joto yaleyale, akapelekwa Philadelphia 76ers na kutemwa. Februari 2015, siku ya mwisho ya dirisha, Oklahoma City walimpeleka Smith New Orleans Pelicans, New Orleans wakamtema papo hapo, na Philadelphia wakamdaka. Njia za hawa wawili zilikuwa zinapita milango ileile, kwa miezi tofauti.

Philadelphia ndiyo sehemu ya kisa hiki inayokaribia kuwa jaribio la maabara.

Klabu ile ilikuwa katika mpango wa makusudi wa kupoteza ili kukusanya machaguo ya juu ya drafti. Kocha Brett Brown alipewa vijana wasio na mtu wa kuwachezesha. Smith alipofika mapema 2015 aliichezesha timu kwa wiki zilizobaki za msimu, na Brown alimpenda waziwazi. Lakini mkataba ulipoisha uongozi haukumbakiza. Washington Wizards wakamwita kambini Septemba, wakamtema Oktoba. New Orleans, waliokuwa na wachezeshaji majeruhi, wakamchukua, akafanya kazi nzuri kuliko walivyotarajia. Philadelphia huku nyuma wakaanza msimu wa 2015–16 kwa kushinda mechi moja na kupoteza 30.

Desemba 24, 2015, Philadelphia walitoa machaguo mawili ya raundi ya pili kumrudisha mtu waliyemwacha aondoke bure miezi sita kabla. Klabu ambayo ilikuwa inalinda machaguo ya drafti kuliko kitu kingine chochote ililipa mawili kwa mchezeshaji asiyerusha. Alifika Krismasi, na tarehe 26 timu ikacheza Phoenix na kushinda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilipokea siku ya pili.

Angalia hesabu. Kabla yake: ushindi 1 katika mechi 31. Baada yake: ushindi 9 katika mechi 51. Bado ni timu mbovu, ilimaliza 10–72, na mtu akisema 9 kwa 51 si cha kujivunia nitamkubalia. Lakini kutoka kushinda mara moja kwa mechi 31 hadi kushinda karibu mara moja kwa kila mechi sita, kwa kubadilisha zaidi mtu mmoja, si jambo la bahati. Wachezaji walikuwa walewale: Nerlens Noel, Jahlil Okafor, Robert Covington, Jerami Grant. Kilichobadilika ni kwamba mpira ulikuwa unafika.

Chukua mfano wa Noel. Mtu mrefu, mwepesi, mikono mirefu, asiyeweza kutengeneza kikapu chake mwenyewe. Anachoweza ni kuweka skrini juu, kugeuka na kukimbilia kikapuni akisubiri mpira hewani. Mchezaji wa namna hiyo bila mchezeshaji ni mlingoti. Smith alikuwa anapita pembeni ya skrini kwa kasi kiasi kwamba mkabaji wa Noel alilazimika kuchagua: kumzuia Smith asifike kikapuni au kubaki na Noel. Akichagua lolote, lingine linatokea. Katika mechi 50 alizocheza kule msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 14.7 na asisti 7.0, na mimi namba ya pili ndiyo ninayoitazama.

Hapo ndipo kisa cha Thabeet kinaponiuma, na nitakisema hapa kisha nikiache. Memphis walimchagua mrefu wa kuzuia mitupo, aliyeanza kucheza kikapu akiwa tayari kijana, na hawakuwa na subira. Februari 2010, katikati ya msimu wake wa kwanza, walimshusha ligi ya chini kwa Dakota Wizards, na hakuna chaguo la juu kama lake lililokuwa limewahi kushushwa kabla. Chaguo la pili linahesabiwa kwa kile lilichotakiwa kuwa. Asiyechaguliwa anahesabiwa kwa kile alichofanya jana. Smith angeweza kuwa na usiku mbaya watano bila gazeti kuandika. Thabeet hakuwa na ruhusa hiyo, na sisi nyumbani hatukumpa pia, kila asubuhi tukitafuta pointi zake kama vile deni. Sisemi Smith angemwokoa. Nasema mrefu anahitaji mtu wa kumfikishia mpira kwa uvumilivu, na usiku ule wa 2011 dili liliwapitisha mlango mmoja bila wao kucheza pamoja hata dakika.

Majira ya joto ya 2016, akifikisha miaka 28, Smith alipata mkataba wake wa kwanza mkubwa: Detroit Pistons, miaka mitatu, dola milioni 18. Aliyekuwa kocha na rais wa shughuli za kikapu Detroit ni Stan Van Gundy. Yule wa Orlando. Van Gundy alihitaji mtu wa kumsaidia Reggie Jackson, na Jackson akaumia goti kabla msimu haujaanza. Smith akaanzia mechi 21 za mwanzo. Msimu uliofuata Jackson akaumia kifundo cha mguu siku ya baada ya Krismasi, Smith akaanza tena. Alikaa Detroit miaka yote mitatu, muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyezoea mabegi mlangoni alikuwa na anwani moja toka 2016 hadi 2019.

Mwaka 2019 akasaini Washington, miaka miwili, dola milioni 12. Ndiyo klabu iliyomtema kambini miaka minne kabla, sasa chini ya kocha Scott Brooks, yule wa Oklahoma City. Mwaka 2021 akaenda nyumbani, Charlotte Hornets, kwa kocha James Borrego, yule msaidizi wa Orlando. Februari 2022 Charlotte wakampeleka Washington tena, pamoja na Vernon Carey Jr. na chaguo la raundi ya pili, wakamchukua Montrezl Harrell. Nyongeza tena. Julai 2022 Washington wakampeleka Denver Nuggets pamoja na Kentavious Caldwell-Pope, kwa Will Barton na Monte Morris. Wawili kwa wawili. Na kocha wa Denver alikuwa nani? Michael Malone, msaidizi wa zile wiki chache za Golden State.

Sasa toa majina mfukoni uyapange. Tangu Krismasi ya 2015, hakuna klabu iliyomchukua Ish Smith ambayo ndani yake hapakuwa na watu waliowahi kufanya naye kazi. Brown alikuwa naye kabla ya kumrudisha. Van Gundy na Borrego walikuwa naye Orlando, Brooks Oklahoma City, Malone Golden State, na Washington ya 2022 ilikuwa imeishi naye misimu miwili mizima. Kabla ya 2015 alikuwa anaokotwa na watu wasiomjua, kwa hiyo alikaa wiki au miezi. Baada ya hapo alikuwa anaitwa na watu waliokwisha kumwona mazoezini saa tatu asubuhi bila kamera. Idadi ya timu, 13, inasomeka kama orodha ya watu waliomkataa. Mimi naisoma tofauti. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kukataliwa, lakini nusu ya pili ilijengwa juu ya magofu ya ile ya kwanza: kila mahali alipotemwa aliacha mtu mmoja anayekumbuka jina lake, na watu hao walipanda vyeo.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. NBA ina timu 30 na makocha wanazunguka humohumo. Ukikaa miaka mingi lazima utakutana tena na uliowajua. Nakubali. Ila kukutana tena hakutoshi. Makocha hao hao waliwajua mamia ya wachezaji wa akiba kati ya 2011 na 2015, na wengi wa wachezaji hao walikuwa wamekwisha kuondoka NBA ilipofika 2019. Kujuana kunakusaidia tu ikiwa anayekujua anataka kukuona tena. Na kuna upande wa kiufundi ambao nao haupaswi kusahaulika: Smith hakupoteza mpira ovyo. Kocha mwenye mchezeshaji majeruhi hatafuti muujiza, anatafuta mtu ambaye dakika 12 zake hazitavuruga kazi ya wenzake. Mbio zake zilikuwa bado zipo akiwa na miaka 34, tena mabeki wa akiba waliochoka ndio walioumizwa nazo zaidi.

Nawafikiria vijana wetu wanaojazana viwanja vya JMK Park, Dar es Salaam, jioni, na wale waliopata nafasi za vyuo Marekani. Tunawafundisha kuonekana. Video fupi, dunk, mtupo wa hatua ya nyuma. Hakuna anayewaambia kuhusu msaidizi wa kocha anayesimama na daftari wakati vinara wamekwisha kwenda kuoga. Hata hapa nyumbani, mchezaji anayehama kutoka klabu moja kwenda nyingine tunamwita mhuni asiyetulia kabla hatujauliza mkataba wake ulikuwa wa namna gani na nani aliyemwita alikokwenda.

Denver aliingia kitabuni. Rekodi ya awali ilikuwa timu 12, na waliokuwa wanaishikilia walikuwa wanne: Chucky Brown, Jim Jackson, Tony Massenburg na Joe Smith. Alipovaa jezi ya Nuggets akawa wa kwanza kufika 13. Msimu ule alicheza mara chache, na ulipofika mtoano dakika zake zilikuwa chache zaidi, kwa sababu mchezeshaji mkuu Jamal Murray alikuwa mzima na anang'ara. Kwa mara ya kwanza katika kisa hiki hapakuwa na mtu aliyeumia ili yeye aingie. Juni 12, 2023, Denver wakawafunga Miami Heat 94–89 katika mechi ya tano ya fainali, ubingwa wa kwanza katika historia ya klabu. Yeye alikuwa na miaka 34, akiwa na wenzake wakongwe wa benchi kama Jeff Green na DeAndre Jordan, nyuma ya kinara wa timu, Nikola Jokić.

Wapo wanaosema pete ya aliyekaa benchi haina uzito. Nimeifikiria kauli hiyo sana na sikubaliani nayo. Jokić na Murray walicheza fainali, lakini mazoezini mtu aliyewakimbiza kwa kuigiza wachezeshaji wa timu pinzani alikuwa huyu, kazi ileile aliyoifanya Orlando mwaka 2012 wakati hakuna aliyekuwa anaandika. 

Vuli ya 2023 hakuwa na timu. Charlotte wakampigia. Kocha wao wakati huo alikuwa Steve Clifford, jina la mwisho lililobaki mfukoni, msaidizi wa Van Gundy kule Orlando. Smith akarudi mjini alikozaliwa, miaka 35, mkataba mdogo, nyuma ya kinara kijana LaMelo Ball. Mwishoni mwa Novemba, katika mechi dhidi ya Orlando, Ball aliumia kifundo cha mguu. Smith akaingia.